Ukienda Pangani, panga siku zako kwa kutazama mwezi wa angani

Swali la msomaji wa Ilazo, Dodoma: "Dada, salaam. Mwezi wa kumi mimi na mke wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Tuliwahi kwenda Unguja, tukafikia kaskazini kwenye hoteli zilizobanana, muziki hadi alfajiri, tukarudi tumechoka kuliko tulivyoondoka. Safari hii tunatafuta kijiji cha pwani kilichotulia, malazi yawe ya hadhi, na pawe na mahali pa juu pa kusimama na kutazama mbali, kwa sababu mke wangu anapenda sana kuangalia jua likizama. Tuna siku sita na gari dogo. Twende wapi, na tupangeje?"

Kaka yangu, salaam zako nimezipokea, na zangu mfikishie wifi. Jibu la wapi ni fupi: nendeni Pangani, mlale usiku mmoja pale mjini, kisha mvuke mto mwende Ushongo, kijiji cha wavuvi kilicho kilomita kama 15 kusini. Hapo kuna hoteli chache za makuti, kila moja na kipande chake cha ufukwe, minazi katikati, na usiku husikii kitu ila mawimbi. Ukirudi, pitieni Lushoto mlale usiku mmoja, msimame juu ya jabali la Irente. Kuhusu kutazama mbali, sijui sehemu nyingine nchini ambapo mtu hupata ukingo wa bahari na ukingo wa milima ndani ya safari moja ya namna hii.

Swali la pili, tupangeje, ndilo lililonifanya niandike kwa urefu. Mimi ni mzaliwa wa Bweni, ng'ambo ya mto wa Pangani, na nimeolewa huku Dodoma, ambako nimekuwa nikiwapangia watu safari za pwani. Watu wetu wa bara wananiuliza bei, wananiuliza barabara, wananiuliza kama kuna mtandao. Hakuna anayeniuliza maji yanapwa saa ngapi. Na hilo ndilo linaloamua kama safari itakuwa nzuri au utakaa siku tatu ukiangalia matope.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake zinasogea mbele kwa kama dakika 50, kwa kuwa zinafuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo tunaita bamvua. Kwenye pwani yetu tofauti kati ya maji ya juu na ya chini wakati wa bamvua inakaribia mita nne, na kwa ufukwe wenye mteremko mdogo kama wa Ushongo maana yake ni kwamba bahari uliyoiona jana jioni chini ya dirisha, asubuhi imekwenda zake mbali kabisa. Katikati, mwezi ukiwa nusu, yanakuja maji mafu, yanayojaa kidogo na kupwa kidogo.

Sasa shika hili, kwa sababu vitabu vya wageni haviliandiki. Kwenye mwambao wa Tanga, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, na hujaa karibu saa kumi jioni. Ni hivyo kila bamvua, mwaka hadi mwaka. Bibi yangu hakuwa na saa ukutani. Alitoka uani usiku, akatazama mwezi, akasema, "Kesho maji saa nne," na kesho yake saa nne yuko mwambani na ndoo yake, kanga ameifunga kiunoni, anatafuta pweza kwa kijiti.

Nilijua hayo tangu utotoni, na bado niliwahi kuwaharibia watu safari. Familia moja ya Dodoma ilitaka kwenda Maziwe, kisiwa cha mchanga kilicho baharini mbele ya Ushongo. Watoto walichelewa kuamka, baba akaniomba tuondoke baada ya chakula cha mchana, nami nikamkubalia kwa sababu sikutaka kumkatalia mgeni. Ilikuwa bamvua. Tulifika saa tisa alasiri. Nahodha alizima mashine, akaegemea upande, akaonyesha majini kwa kidole. Tuliona mchanga mweupe chini yetu, kimo cha mtu, na kasia likiugusa. Mtoto wa mwisho aliuliza, "Kisiwa kiko wapi?" Nahodha akamjibu kwa upole, "Umekikalia, mwanangu." Nilirudisha pesa ya mashua, lakini ile siku yao sikuweza kuirudisha. Tangu hapo sipangi safari bila kutazama mwezi, na sikubali kubembelezwa.

Kwa hiyo, kaka, chukua kalenda yenye alama za mwezi na utafute usiku wa mwezi mpevu ndani ya Oktoba. Usiku huo uwe siku ya tatu ya safari yenu. Mengine yote yanapangika kutokea hapo, na nitakueleza kwa nini mpevu na si mwandamo, ijapokuwa bamvua iko kwa vyote viwili.

Oktoba yenyewe mmeichagua vizuri. Kusi, ule upepo mkali wa katikati ya mwaka, unakuwa umelegea, kaskazi haujaanza, na bahari ya tangambili, yaani kipindi cha katikati ya pepo hizo mbili, inakuwa tulivu na angavu kuliko miezi ya Juni na Julai. Vuli inaweza kuwagusa kwa manyunyu. Ungeniambia Aprili ningekukataza, maana masika hugeuza zile barabara za udongo kuwa uji, na gari dogo halifiki.

Siku ya kwanza ni ya barabara. Dodoma hadi Tanga kwa Morogoro, Chalinze na Segera ni kama kilomita 600, lami mwanzo hadi mwisho, lakini vijiji ni vingi na kila kimoja kina kibao chake cha 50. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, kifungua kinywa kiwe Morogoro. Wapo watakaokushauri ukate Dumila upite Turiani kutokea Handeni. Ramani inapendeza, ila si kwa gari dogo. Reli ya kisasa, ambayo tangu mwaka 2024 inatupeleka Dar kwa raha, haiendi Tanga, kwa hiyo kwa safari hii gari lenu ndilo lenye faida. Laleni Tanga mjini, mtoe na pesa taslimu hapo kwa sababu mbele mashine ni chache, na mle samaki wa kupaka.

Siku ya pili hamna haraka. Barabara ya Pangani ni kama kilomita 50 kuelekea kusini, na kabla hamjafika nusu yake ingieni Tongoni. Ni magofu ya mji wa Waswahili, msikiti na makaburi yenye nguzo, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa tangu karne ya 15 hivi. Nguzo nyingi zimeanguka, nyingine zimelala palepale zilipoangukia. Kwenye nguzo hizo kulikuwa na vishimo vya duara vilivyotiwa mabakuli ya kauri kutoka ng'ambo, na vishimo vyenyewe bado vinaonekana, vitupu. Mwambie wifi aingize kidole kimoja ndani ya kishimo. Chokaa yake ni laini kama ndani ya kikombe. Ni kwenye maji ya mbele ya Tongoni ambako mwaka 1499 Vasco da Gama, akirudi kutoka India, aliichoma moto merikebu yake mojawapo, São Rafael, kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuziendesha zote tatu. Nusu saa inatosha, lakini msipite bila kuingia.

Pangani mjini mtakuta mitaa ya nyumba kuukuu zenye milango ya nakshi, nyingi zimechoka. Inaniuma kuziona, lakini sitawaficha: huu si mji uliopakwa rangi kwa ajili ya watalii. Hapa ndipo Agosti 1888 watu wa kampuni ya Wajerumani walipopandisha bendera yao kwa nguvu, na vita vilivyofuata vikaongozwa na Bushiri bin Salim, ambaye walimnyonga hapahapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mpitie mkijua hilo, na mji utawapa kitu. Kwa kulala, kaskazini kidogo ya mji, upande wa Mkoma, kuna malazi mazuri juu ya ukingo wa miamba ya matumbawe, bahari ikiwa chini yenu.

Sasa hapa nifike kwenye jua la wifi. Mtu aliyezoea kupanda vilima vya Dodoma jioni anakuja pwani akiamini ataliona jua likizama baharini. Haliwezi. Pwani yetu yote inatazama mashariki. Jua linatoka baharini asubuhi na kuzama nchi kavu. Ufukweni Ushongo jioni jua linapotelea nyuma ya minazi mgongoni mwako, basi. Nimewaona wageni wakiwa na kamera zao mkononi wakisubiri upande ambao hakitatokea chochote.

Ndiyo maana nawataka muwe Bweni jioni ya siku ya pili, si siku nyingine. Mji wa Pangani uko upande wa kaskazini wa mdomo wa mto, na Bweni iko kusini, juu ya mwinuko mkali. Acheni gari mjini, mvuke kama abiria wa miguu mnamo saa kumi na nusu. Nilipokuwa mdogo tulivuka kwa mitumbwi, kisha kivuko kikazoeleka, na daraja la mita 525 linalojengwa kwa ajili ya barabara ya Tanga hadi Bagamoyo litakuja kubadilisha kabisa kuvuka huku. Pandeni taratibu hadi juu. Geukeni magharibi: mto unakuja umejikunja kati ya mikoko na minazi isiyo na idadi, na maji haya yametokea mbali, kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Jua linazama mwishoni mwa mkunjo wa mto, na maji yote yanakuwa rangi ya shaba hadi miguuni pa mji. Halafu geukeni mashariki. Ikiwa mmenisikiliza, na kesho ni mpevu, mwezi utakuwa umeshachomoza juu ya bahari kabla jua halijazama. Mtasimama kati ya viwili hivyo, jua upande wa mto na mwezi upande wa bahari, kwa muda wa kama nusu saa. Nimezaliwa kwenye kilima kile na bado sijakichoka.

Shukeni kabla giza halijakaza, maana njia ina mawe. Na msishawishike kuogelea mtoni hata mkiona watoto wakichezea ukingoni. Mto una mamba.

Siku ya tatu vukeni na gari mwende Ushongo. Barabara ni ya udongo na mchanga. Oktoba gari dogo hupita likienda polepole, ila ulizeni hotelini asubuhi ileile, na ikiwa usiku ilinyesha, acheni gari Pangani mkaombe kuja kuchukuliwa. Wana uzoefu wa hilo.

Kuhusu hadhi ya malazi niseme wazi, ili msije na matarajio ya hoteli za ghorofa. Hadhi ya Ushongo ni nafasi na ukimya. Utapata banda kubwa la makuti, kitanda cha mbao chenye chandarua, kibaraza kinachotazama bahari, na samaki aliyevuliwa asubuhi. Bei mara nyingi ni kwa kichwa, si kwa chumba, pamoja na chakula cha jioni, kwa hiyo ulizeni hilo kwanza msije mkakuta mara mbili ya mlichohesabu. Ulizeni pia bei ya mkazi, na mtajiwe kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zinataka bei za ndani ya nchi ziwe kwa shilingi, hivyo msione haya kusisitiza. Joto la kule si kama letu. Hapa Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na jua letu ni kavu; kule ni fukuto, nguo iliyofuliwa asubuhi jioni bado ina unyevu. Bebeni nguo nyepesi za pamba, na chandarua kishushwe mapema.

Kijiji chenyewe ni cha watu, na ni cha Waislamu. Ndani ya eneo la hoteli vaeni mnavyotaka, lakini mkipita kijijini wifi ajifunge kanga, nawe uvae shati. Wazee wameketi barazani, waamkieni kwanza kabla ya kupiga picha ya kitu chochote. Mtu wa Dodoma anayetoa shikamoo kwa heshima hapati shida Ushongo. Ataletewa dafu bila kuomba.

Mkifika mchana maji yatakuwa yanajaa. Saa kumi jioni yamefika karibu na minazi, yametulia, hayana wimbi la kutisha. Ogeleeni hapo. Kisha mkae ufukweni, migongo ielekee kule jua linakozama, na hapa ndipo nilipotaka mfike na mpevu badala ya mwandamo. Jua likipotea tu nyuma yenu, mwezi mzima unatoka baharini mbele yenu, mwekundu kwanza, mkubwa, na njia ya mwanga inakuja juu ya maji hadi kwenye vidole vya miguu. Wifi amekosa jua la baharini, lakini huu ni wake.

Siku ya nne ni Maziwe, kilomita kama nane kutoka ufukweni. Ingieni kwenye mashua saa mbili asubuhi, bila kuchelewa. Mtafika saa tatu, mchanga umeshajitokeza, na unaendelea kupanuka mpaka saa nne na nusu au saa tano. Kisiwa hiki kilikuwa na miti ya mivinje, na kilitengwa kama hifadhi mwaka 1975. Miti ilikatwa, iliyobaki ikaanguka, mizizi haikushika tena mchanga, na bahari ikaanza kukila. Leo ni fungu tupu linalozama na kuibuka kila siku. Kasa uziwa bado wanapanda kutaga, kwa sababu wao hurudi walikozoea, lakini mayai yao yangezama na kuoza. Kwa hiyo wanakijiji wa Ushongo wanaolinda kasa huyahamisha, wakayafukia upya ufukweni bara. Yanaanguliwa baada ya muda unaokaribia miezi miwili. Mkifika ulizeni kama kuna kiota kilichokaribia. Ikiwa kipo, mtapelekwa kuwaona wadogo wakitoka, kila mmoja mdogo kiasi cha kulala kwenye kiganja, wakipiga mchanga kwa mapezi wakielekea majini. Msiwashike, msiwasaidie hata anayepinduka mpaka mlinzi aseme, wala msiwamulike taa, kwa kuwa mwanga ndio wanaoufuata na wakifuata wa kwenu watapotea.

Kwenye matumbawe ya Maziwe mnaweza kuzamia kwa miwani tu na mrija, maji ni angavu. Vaeni viatu vya mpira, hakuna kivuli hata cha mwavuli isipokuwa mkileta wenu, na kuna ada ya eneo tengefu ambayo raia hulipa pungufu, hivyo kitambulisho cha taifa kiwe mfukoni. Saa sita muwe mmeshageuza.

Siku ya tano mwende Lushoto kwa Muheza, Segera, Korogwe na Mombo. Kutoka Mombo kupanda ni kilomita 33 za kona, lami nyembamba, korongo upande mmoja. Pigeni honi kila kona na msishindane na mabasi madogo, madereva wake wanaijua njia hata macho yakiwa yamefungwa nanyi hamuijui. Chukueni chumba, halafu saa kumi na moja jioni muwe Irente, kilomita chache kutoka mjini. Ni jabali linaloishia hewani. Nyanda ziko karibu mita elfu moja chini yenu, mashamba ya mkonge ya Mazinde yamechorwa mistari, magari ya barabara kuu ni kama chembe za mchele. Upepo pale una nguvu, bebeni sweta, na hakuna uzio kila mahali, kwa hiyo msisogelee ukingo kwa ajili ya picha. Hapo jua linazama mbele yenu, mbali kabisa, juu ya nyika. Ile nyika inaendelea kwa kusini-magharibi hadi Kiteto, ikafika Kongwa, ikafika kwetu.

Kurudi siku ya sita ni zaidi ya kilomita 600 kwa siku moja, na kwa dereva mmoja ni nyingi. Ukiweza kuomba siku ya saba kazini, iombe, mlale Morogoro. Ukishapata tarehe ya mpevu niandikie kabla hujalipia chochote, nikupigie hesabu ya maji ya siku zenu mbili za Ushongo, saa kwa saa.